Skripti yangu ipange spidi ya prosesa au niiachie keneli? (laptopu iko kwenye sola)

studio_kayenze

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Naombeni msaada maana nimehangaika wiki nzima na kichwa kimechemka.

Niko Kayenze huku ziwani, nina studio ndogo ya kuhariri video, kazi zangu nyingi ni kwaya na harusi. Umeme ukikatika natumia sola, paneli mbili, betri moja na inveta, na hapohapo kuna taa na spika za kusikilizia. Mashine ni laptopu ya mtumba, Core i5-6300U, ramu giga 8, naendesha Debian 12 (Linux). Tatizo langu ni betri tu. Nikianza kurenda (kuitoa video iliyokamilika) video ya kwaya jioni, ikifika saa tatu usiku inveta inaanza kulia na video bado iko katikati, kesho yake naanza upya.

Sasa mimi Python nimejifunza mwenyewe kidogokidogo, nikakaa nikaandika skripti ya kubana spidi. Kila sekunde moja inasoma /proc/stat, mzigo ukizidi asilimia 80 inaandika 3000000 kwenye scaling_max_freq (faili la kikomo cha spidi, kwa kilohezi), ukishuka chini ya 30 inaandika 800000. Halafu nikaona mtu anaonyesha wrmsr, amri ya kuandika kwenye rejista za ndani ya prosesa, nikasema hiki ndicho, nikapakia moduli ya msr nikawa naandika moja kwa moja kwenye rejista 0x199, maana nilijua hapo nimeishika prosesa yenyewe bila keneli (moyo wa mfumo wa Linux) kuingilia kati.

Sasa matokeo yake. Kwanza nikiwa naburuta video mbele na nyuma kutafuta sehemu ya kukata inagandaganda, kitu ambacho kabla ya skripti hakikuwepo. Pili ile wrmsr haileti eror yoyote lakini nikiangalia spidi haijabadilika hata kidogo, ila kwenye dmesg (kumbukumbu za keneli) kuna mstari unasema "Write to unrecognized MSR 0x199 by wrmsr" na neno tainted, sijui maana yake ni nini. Tatu ndiyo imeniuma zaidi, juzi usiku skripti ilikufa yenyewe na eror, ikaacha mashine imebanwa kwenye 800000, asubuhi mwalimu wa kwaya kaja na wenzake wawili kuona kazi yao, video inacheza kwa kukwamakwama, nikajua faili limeharibika nikawaambia warudi kesho, kumbe faili ni zima kabisa, ni spidi tu imebanwa. Watu walipanda boda kutoka Igombe kuja kwangu.

Swali langu ni hili. Hii kazi ya kupanga spidi ya prosesa ni ya programu yangu au ni ya keneli? Na kama ni ya keneli, kwa nini basi wametuwekea yale mafaili tuandike? Na betri yangu naiokoaje?

fundi_makoroboi

Mkuu kabla hujaenda mbali angalia chaja. Sisemi kwamba ndiyo shida yako ila hapa mezani kwangu hii naipata sana, mtu analeta laptopu anasema imekuwa nzito, amebadilishiwa ramu, amepigiwa windows upya mara mbili, mimi naangalia spidi naikuta imeganda 400 MHz hata ufanye nini haipandi. Chaja siyo yenyewe, au ile pini nyembamba ya katikati imekatika, laptopu haiwezi kuitambua chaja ni ya wati ngapi, basi bodi inaishika prosesa inaiambia usipande. Ule ni waya kabisa kutoka kwenye bodi unaingia kwenye prosesa, wenyewe wanauita PROCHOT, kazi yake hasa ni kuokoa mashine ikichemka.

Kuna vijana wameshajua kuuzima, wanaandika kwenye rejista 0x1FC ile biti ya mwisho kabisa wanaiweka sifuri, mashine inaruka inakuwa nyepesi mteja anafurahi analipa anaondoka. Mimi nimekataa kuifanya hiyo kwa mteja. Nilishapokea laptopu imefanyiwa hivyo, mtu anaitumia juu ya godoro, feni imejaa vumbi limekuwa kama kitambaa, na ule waya ndio ulikuwa unatakiwa kupiga kelele. Badilisha chaja au tengeneza pini, basi.

Nakuambia hili kwa sababu umeshaanza kuonja wrmsr. Ile ni ya kupima ugonjwa, usiifanye dawa.

dada_nyegezi

Kaka pole kwa yaliyokukuta na mwalimu wa kwaya. Acha nikujibu taratibu kwa sababu umefanya mambo ya maana, ila kuna vitu viwili vitatu hukuvijua.

Kwanza ondoa hili kichwani, kwamba ukitumia wrmsr umepita pembeni ya keneli. Haiwezekani. Prosesa za Intel na AMD zina ngazi za ruhusa, keneli iko ngazi ya 0 na programu zote za kawaida, hata ukiwa root (mwenye ruhusa zote), ziko ngazi ya 3. Ile amri ya kuandika rejista hizi inakubalika ngazi ya 0 peke yake, programu yako ikijaribu kuitekeleza yenyewe prosesa inagoma palepale na programu inauawa. Sasa wrmsr inafanyaje? Inafungua faili /dev/cpu/0/msr inaandika namba humo, na aliye nyuma ya lile faili ni keneli, ndiyo inayokwenda kwenye kile kiini cha prosesa kukuandikia. Kwa hiyo bado umeiomba keneli, tofauti ni kwamba umeiomba kwa mlango ambao yenyewe haijui unataka nini, inabeba namba tu kama bahasha iliyofungwa.

Ndiyo maana ya ule mstari wa dmesg. Tangu keneli 5.9 ya mwaka 2020 waliweka ukaguzi kwenye mlango huo, ukiandika rejista isiyo kwenye orodha yao inakuruhusu lakini inaandika jina la programu iliyofanya na inajiwekea alama kwamba prosesa hii sasa inaendeshwa nje ya utaratibu, hiyo ndiyo tainted. Ukipeleka ripoti ya hitilafu kwa watengenezaji wakiiona hiyo alama wataanza kukuuliza kwanza ulichezea nini. Na kama ungekuwa umewasha Secure Boot hapo kwenye Debian ungekataliwa kabisa.

Pili, kwa nini 0x199 haikubadilisha kitu. Prosesa yako ni Skylake, kizazi cha 6, hawa walitoka 2015 na walikuja na kitu kinaitwa Speed Shift, kwenye Linux utaona kimeandikwa HWP. Piga `dmesg | grep -i hwp` utaona imewashwa. HWP ikiwashwa prosesa inajichagulia spidi yenyewe ndani kwa ndani, na ile 0x199 haiisomi tena. Umekuwa unaweka barua kwenye sanduku la posta la nyumba waliyohama. Rejista inayosikilizwa sasa ni 0x774, lakini tafadhali usiikimbilie, kwa sababu draiva ya intel_pstate, ile ya keneli inayosimamia spidi za Intel, ina nakala yake ya kilichomo kwenye 0x774, likitokea badiliko lolote la mipangilio inaandika upya ile nakala juu ya namba yako. Utaandika, itafutwa, utaandika tena, itafutwa tena, mpaka mchoke wote.

Tatu, na hapa kaka usome vizuri, skripti yako haiokoi betri. Fikiria mwenyewe. Wakati wa kurenda mzigo uko asilimia 100 muda wote, kwa hiyo skripti inaiachia prosesa mpaka 3000000, yaani turbo kamili (spidi ya ziada juu ya ile ya kawaida), palepale ambapo betri inaliwa. Halafu kazi ikiisha mzigo ukashuka ndio inabana 800000, wakati huo prosesa ilikuwa inalala tu hata usingeigusa, keneli isipokuwa na kazi inavipeleka viini usingizini na kiini kilicholala hakijali umekiwekea spidi gani. Tena skripti yenyewe inakiamsha kila sekunde kuja kusoma /proc/stat. Umebana pasipo na kazi ukaachia penye kazi.

Na kugandaganda kunatoka hapohapo. Unaburuta video, kazi inakuja kwa kishindo cha nusu sekunde, skripti bado imelala, ikiamka kishindo kimeisha, inaona mzigo mdogo inaendelea kubana. Keneli haina haja ya kusubiri sekunde, mpangaji wa kazi ndiye anayeipa prosesa kazi kwa hiyo anajua palepale kazi imeingia.

Halafu naomba uangalie `systemctl status power-profiles-daemon`, ni huduma ya kupanga matumizi ya umeme. Kama unatumia GNOME huenda nayo ipo inagusa mipangilio hiyohiyo, mnagombania usukani watatu, wewe, yeye na keneli.

babu_kirumba

Huyo binti amesema vizuri sana sina cha kumrekebisha. Mimi naongezea upande wa swali lake la kwanza, kazi ni ya nani, kwa sababu hilo swali limesumbua watu siku nyingi na jibu lake limebadilika nikiwa naliangalia.

Zamani kwenye Linux ilikuwa hivyohivyo kama ulivyofanya wewe kijana. Kulikuwa na programu kama cpuspeed na powernowd, zinakaa nyuma, zinaangalia mzigo kila baada ya muda, zinaiambia keneli weka spidi hii. Keneli ilikuwa na gavana (sehemu yake inayoamua spidi) anaitwa userspace, na kazi yake yote ni kupokea namba kutoka kwa programu. Halafu 2004, keneli 2.6.9, akaingia gavana ondemand, yeye akahamishia kile kipimo ndani ya keneli, zile programu zikaanza kukosa kazi. 2016 keneli 4.7 akaja schedutil, huyu hapimi pembeni kabisa, anasikiliza hesabu za mpangaji wa kazi mwenyewe. Na hapo katikati ndio Intel wakaja na hiyo HWP, ambapo hata keneli imeacha kuchagua spidi ya kila dakika, inatoa maelekezo tu. Kwa hiyo uone mwelekeo, uamuzi wa papo kwa papo umekuwa unashuka chini karibu na chuma mwaka hadi mwaka, na haukushuka kwa ubabe wa mtu, umeshuka kwa sababu kule chini habari inafika mapema.

Lakini mafaili hayakuondolewa, na wewe umeuliza kwa nini. Marehemu baba alikuwa na mitumbwi miwili ya sangara hapa Kirumba, nimekulia mwaloni. Tajiri wa mtumbwi anakaa nchi kavu. Anajua bei ya petroli ya leo, anajua samaki anachukuliwa kwa bei gani, anamwambia nahodha leo lita zako hizi hapa, na usivuke kisiwa fulani. Hayo nahodha hawezi kuyajua akiwa majini. Sasa wakiwa kule limekuja wimbi la ubavuni, mkono ulioshika mashine ni wa nahodha, anapunguza, anageuza pua, anaongeza. Tajiri akitaka kila wimbi wampigie simu aseme ongeza au punguza, simu ikipokelewa wimbi limeshapita na watu wanakomba maji. Na tajiri asiyesema chochote naye anakosea, nahodha atachoma petroli yote kukimbilia mbali.

Wewe ndiye tajiri. Keneli haijui kwamba uko kwenye sola, haijui kwamba betri moja inalisha taa na spika, haijui kwamba video inatakiwa kesho na siyo leo. Hayo lazima uyaseme wewe au programu yako, na yale mafaili ndiyo mdomo wa kusemea. Ila sema mpaka, usishike mashine.

Mpaka gani? Kwa mtu wa sola mimi naona wa wati ndio mzuri kuliko wa spidi, kwa sababu betri hailipi megahezi inalipa wati. Prosesa yako ina mahali pa kuwekea. Angalia /sys/class/powercap/intel-rapl:0/ ndani yake kuna constraint_0_power_limit_uw, hiyo ni ya muda mrefu, namba iko kwa maikrowati. Hiyo i5 imetengenezewa wati 15 kwa hiyo labda utakuta 15000000 au zaidi, weka 9000000 au 10000000 halafu acha. Prosesa yenyewe inajipima umeme inaoula na inajipunguza isivuke. Utakapoburuta video kishindo kifupi kitapita, maana kile kikomo kinaangalia wastani wa muda, kurenda ndiko kutakakobanwa.

Pili zima turbo ukiwa kwenye betri, faili ni /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo, andika 1. Hapa nieleze kidogo kwa sababu watu wanadhani spidi ikipanda robo umeme unapanda robo. Saketi inakula umeme kwa kadiri ya spidi zidisha volteji zidisha volteji tena, na ili upande spidi ya juu kabisa lazima volteji nayo ipandishwe. Kwa hiyo ile ngazi ya mwisho kutoka 2.4 kwenda 3.0 ndiyo ghali kuliko zote, unalipa sana unapata kidogo.

Ila usije ukashuka mpaka 800 kwa kurenda ukadhani ndio umeokoa. Skrini inawaka, diski inazunguka, inveta nayo inakula chake hata kama hujachomeka kitu, vyote hivyo vinalipwa kwa saa. Kazi ya saa mbili ukiifanya ya saa sita umevilipa mara tatu.

mwana_ukerewe

Shikamoo babu. Nimeupenda mfano wa tajiri na nahodha, mimi mwenyewe wa Nansio najua hayo mambo, lakini naomba nipingane kidogo kwa heshima.

Nahodha anaona wimbi lililopo, haoni la kesho. Keneli vilevile, inahesabu kazi iliyopita inakisia inayokuja. Programu inajua inayokuja. Programu ya kurekodi sauti inajua kwamba baada ya milisekunde 5 kadi ya sauti itataka data na isipoipata itasikika tak, keneli haiwezi kujua hilo kwa kuangalia mzigo, mzigo wa kurekodi ni mdogo sana. Mimi narekodi kwaya za kule kwetu, nilikuwa napata tak tak kwenye rekodi nikahangaika na nyaya mpaka nikanunua maikrofoni nyingine, kumbe prosesa ilikuwa inalala usingizi mzito mno na ikiamka imechelewa. Hapo keneli ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa na ndiyo iliyoniharibia rekodi. Kwa hiyo siyo kila kitu tuseme iachie keneli.

Dawa niliyoipata ni faili /dev/cpu_dma_latency. Programu inalifungua inaandika ni maikrosekunde ngapi inaweza kuvumilia, basi keneli haiendi kwenye usingizi unaozidi hapo. Na angalieni walivyolitengeneza kwa akili, ombi linaishi kwa muda ule tu faili liko wazi. Programu ikifunga, au ikifa kama ilivyokufa ya studio_kayenze, keneli inalifuta ombi lenyewe hali inarudi kama kawaida. Ungekuwa na kitu cha namna hiyo mwalimu wa kwaya asingeondoka mikono mitupu. Namba uliyoandika kwenye scaling_max_freq haina mwenyewe, aliyeandika akifa inabaki.

Kuna na nyingine inaitwa uclamp, iliingia keneli 5.3 mwaka 2019, hii unaisema kwa kazi mojamoja, kwamba hii ya kurenda ihesabu kama kazi ndogo hata ikijaza kiini, na hii ya kuburuta video ihesabu kubwa. Inafanya kazi na schedutil, kwa hiyo kwa mashine yake ingebidi aweke intel_pstate=passive wakati wa kuwasha. Lakini ndiyo mfano wa ninachosema, programu inatoa habari yake na keneli inaamua.

babu_kirumba

Marahaba mwanangu. Hatujapingana, umeniongezea kitu ambacho sikukisema vizuri. Hilo la ombi kufa na mwenye ombi ni kubwa, mimi ningelitanguliza mbele ya hata hizo wati.

dada_nyegezi

Naongeza moja juu ya wrmsr kabla haijasahaulika, kwa wanaosoma huu uzi kesho. Kulikuwa na rejista 0x150 ambayo watu waliitumia kushusha volteji ya laptopu ili zisichemke, na ilisaidia kweli. Desemba 2019 watafiti wa Birmingham, KU Leuven na Graz wakaonyesha shambulio waliloliita Plundervolt, kwamba mwenye ruhusa ya root akishusha volteji kwa kipimo maalumu prosesa inakosea hesabu, na kwa makosa hayo anaweza kuchomoa siri zilizofungiwa ndani ya SGX, sehemu ambayo hata keneli hairuhusiwi kuingia. Intel wakatoa sasisho la kufunga njia hiyo, na laptopu nyingi baada ya kusasisha BIOS ile rejista ikawa haiandikiki. Watu walilalamika, mimi pia laptopu yangu ilirudi kuchemka. Lakini lifikirieni, swichi ya volteji ikiwa mkononi mwa programu yoyote yenye root basi hata hesabu za kuzidisha haziaminiki tena. Siwezi kusema walikosea kuifunga.

mdau_geita

Na sisi wa Windows je? Nataka hiyo ya kuzima turbo.

fundi_makoroboi

Windows ni hivyohivyo tu, programu haigusi rejista bila draiva iliyosainiwa. Ingia kwenye pawa plani, mipangilio ya ndani, tafuta ile ya kikomo cha juu cha prosesa, weka 99 badala ya 100. Kwa laptopu nyingi hiyo 99 inatosha kuzima turbo. Chukua picha kwanza ya mipangilio ya zamani.

studio_kayenze

Wakuu nimerudi. Wabeja sana, kweli kabisa nimesoma kila mstari, ile ya dada kwamba nabana pasipo na kazi naachia penye kazi nimeirudia kama mara nne, nilikaa na hiyo skripti wiki nzima sikuliona.

Nilichofanya, nimeifuta skripti. Power-profiles-daemon ilikuwepo kweli, nimeizima nibaki na mikono miwili tu. Nimeweka no_turbo 1. Kwenye powercap nilikuta 15000000 kama babu alivyosema nikaweka 9000000, haikukataa. Nikafungua turbostat (programu ya kupima spidi na wati za prosesa) pembeni nikaanzisha kurenda video ya kwaya ya dakika arobaini, safu ya PkgWatt sekunde za mwanzo ilipanda kidogo halafu ikashuka ikakaa kwenye 9 haitoki, spidi zenyewe zikawa zinachezacheza humo katikati bila mimi kugusa. Nilianza saa kumi na mbili na nusu jua linaelekea kuzama, saa tatu kasorobo faili likawa tayari na inveta haijalia. Kuburuta video kumerudi kulaini kama zamani. Mwalimu wa kwaya kaja leo asubuhi ameangalia yote mpaka mwisho, amelipa.

Imebaki kitu kimoja. Nikizima mashine nikawasha vyote vinapotea, na juzi niliifunga kifuniko ikalala, kuifungua no_turbo ilikuwepo lakini ile ya wati ikawa imerudi 15.

dada_nyegezi

Hongera sana kaka! Kuzima na kuwasha ni rahisi, tengeneza faili /etc/tmpfiles.d/sola.conf na uweke mistari hii miwili:

`w /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo - - - - 1`
`w /sys/class/powercap/intel-rapl:0/constraint_0_power_limit_uw - - - - 9000000`

Systemd itaandika kila ukiwasha. Ya kulala ni kwamba mashine ikiamka BIOS inairudishia prosesa wati za kwake, kwa hiyo weka skripti fupi kwenye /usr/lib/systemd/system-sleep/, ipe ruhusa ya kutekelezwa, ndani yake iangalie kama neno la kwanza ililopewa ni post, hapo ndipo ipige `systemd-tmpfiles --create /etc/tmpfiles.d/sola.conf`. Inafanya kazi mara moja mashine ikiamka halafu inaisha, haibaki nyuma ikizungukazunguka kila sekunde.

Ukikuta siku moja kwenye mashine nyingine dmesg inasema powercap imefungwa na BIOS, usihangaike nayo, tumia scaling_max_freq uiweke mara moja kwenye 1800000 hivi na uiache hapo. Na kumbuka viini vyako ni viwili ila keneli inakihesabu kila kimoja mara mbili, na kila hesabu ina faili lake, cpu0 mpaka cpu3, ukiandika cpu0 peke yake hao watatu wanaendelea kama hawajaambiwa.

studio_kayenze

Kumbe! Ile wrmsr yangu nilikuwa naandika cpu0 tu.